Fahali Nambari Saba Ana Mimba

Nilistaafu mwezi uliopita, na vijana wa ofisi wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu kabla sijasahau, au kabla sijaanza kujisifu kupita kiasi. Kwa hilo la pili wamechelewa. Mimi ndiye niliyewasha kompyuta ya kwanza yenye skrini ya rangi katika ofisi ya chama chetu cha wafugaji pale Embu, na mimi ndiye niliyeizima dakika hiyohiyo kwa kuogopa harufu ya moshi. Mambo ya vyeo na mishahara siyaandiki. Wenye kupenda hayo waende kwa karani wa wafanyakazi, faili langu liko pale na ni nene.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa viazi, Kibirichia, huko Meru. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilikwenda Uingereza kwa nguvu zangu, nikaosha sahani za watu mchana, nikasoma jioni, nikapata diploma ya kompyuta. Nilirudi katikati ya miaka ya tisini nikiwa na begi moja la nguo, begi moja la vitabu, na mtindo wa kuongea kwa pua ambao mama yangu aliumaliza kwa wiki moja. "Ukiwa na homa nenda hospitali," aliniambia. "Kama huna, ongea vizuri."

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Chumba cha kumbukumbu kilikuwa na dirisha moja, meza moja, masanduku manne ya mbao, na mwanamke mmoja ambaye hakuinua kichwa. Huyo alikuwa Mama Ireri. Alikuwa ametunza kumbukumbu za ng'ombe wa chama tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Ni wewe wa mashine?" akauliza.

"Ni mimi. Nina diploma."

"Sikukuuliza hiyo."

Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. Nilikuwa Diploma. Diploma kuja hapa, Diploma toa kikombe chako kwa kadi zangu, Diploma huko Ulaya hamfungi mlango?

Chama chetu kilikuwa na kazi ya kupandisha ng'ombe wa wanachama kwa mbegu za fahali bora. Mfugaji alileta habari kwamba ng'ombe wake anataka fahali, ofisi ikatazama kumbukumbu, halafu mtaalamu akapanda pikipiki na mtungi wake wa baridi akaenda. Kila kitu kilitegemea masanduku yale manne. Moja la wafugaji, moja la ng'ombe, moja la fahali, moja la upandishaji. Mama Ireri alikuwa na mazoea yaliyonikera sana. Kila alipotaka kuandika jambo, hata dogo, aliandika nusu, akasimama, akafungua sanduku jingine, akasoma kadi, akairudisha mahali pake, akafunga sanduku, ndipo akarudi kumalizia. Hakuwahi kuweka kadi ya sanduku moja ndani ya jingine, hata kwa dakika moja. Nilihesabu hatua zake nikamhurumia. Nikajiambia: mimi nitamkalisha mama huyu kwenye kiti.

Kifaa changu kilikuwa lugha mpya ya kompyuta iliyoitwa Java. Vijana wa leo mnaicheka, lakini wakati ule ilikuwa bado ina harufu ya dukani. Nilipoitaja kwenye kamati ya chama, mzee mmoja aliuliza kama hiyo si aina ya kahawa, na kama ni kahawa, kwa nini wenye ng'ombe ndio wainunue? Nilieleza kwa nusu saa. Mwishoni wakakubali, nadhani kwa njaa.

Nikaandika programu. Dirisha moja, na juu yake vitufe vinne: Wafugaji, Ng'ombe, Fahali, Upandishaji. Ukibonyeza kitufe, skrini yake inakuja mbele na nyingine zinajificha nyuma, kama karata mkononi unapoleta moja juu. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho Embu nzima. Watu walikuja kutoka ofisi za jirani kubonyeza tu. Skrini zote nne niliziandika katika faili moja, mistari zaidi ya elfu tatu, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu niliweza. Nilikuwa na kigeu kimoja, yaani kisanduku kimoja cha kuwekea thamani, nilichokiita "nambari". Skrini ya mfugaji iliweka humo nambari ya mfugaji. Skrini ya ng'ombe ikaweka nambari ya ng'ombe. Skrini ya fahali ikaweka ya fahali. Kisanduku kimoja kwa skrini nne. Niliona ni ujanja wa kubana matumizi. Niliijaribu programu mara nyingi, ikanitii kila mara, maana mimi nilikuwa mtu wa kujua ninachotaka. Nilijaza, nikahifadhi, nikaendelea mbele.

Ilikuwa mwaka wa ile mvua ya El Nino, barabara zimekuwa uji. Jumatatu moja akaingia mfugaji kutoka Manyatta, Mzee Njeru, amevaa gambuti zilizojaa tope mpaka magotini. Hakusalimu.

"Nani alisema ng'ombe yangu iko bure?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ombe wake alikuwa na mimba changa, na daktari alikuwa ameshampima na kuleta taarifa ofisini. Baadaye ng'ombe akalia kama anayetaka fahali. Wapo ng'ombe wenye mimba wanaofanya hivyo, kwa kutusumbua. Mzee Njeru akaleta habari, ofisi ikachapa karatasi kutoka kwa kompyuta, na karatasi ikasema ng'ombe huyo hana mimba. Mtaalamu akaenda, akampandisha tena. Baada ya siku chache ndama akatoka, mdogo kama paka, amekufa.

"Mimi nilijua iko na mimba," alisema Mzee Njeru, na sasa sauti ilikuwa chini. "Lakini karatasi imechapwa na kompyuta. Mimi ni nani nibishane na kompyuta?"

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Nyaga, aliyefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamia kwa ng'ombe. Aliitwa, akaja na wajumbe wachache, akatutazama mimi na Mama Ireri, akauliza nani aliyeingiza taarifa ile. Mama Ireri akasema ni yeye, na aliiingiza sawasawa. Tukafungua programu mbele ya watu wote. Ng'ombe wa Mzee Njeru: hana mimba. Halafu Mwalimu akaniambia nitafute mimba zote zilizoingizwa wiki ile daktari alipoleta taarifa. Ikatokea moja. Ilikuwa ya mnyama nambari saba. Nambari saba alikuwa Kamanda, fahali wetu wa kutolewa mbegu, uzito wake karibu tani moja.

Kuna mtu alicheka. Mzee Njeru hakucheka.

Hapo ndipo niliposema maneno ambayo ningelipa kuyarudisha. Nilirekebisha tai yangu nikasema, "Mashine haikosei. Anayekosea ni mtu anayeibonyeza."

Mwalimu Nyaga akafunga daftari lake. Akasema kamati itakaa Ijumaa, na kama Mama Ireri hawezi kazi ya kompyuta, basi chama kimshukuru kwa miaka yake na kimwache apumzike. Mama huyo alikuwa amebakiza miaka mitatu afikie kustaafu kwa heshima. Kuachishwa kwa kosa la kumpa fahali mimba si kustaafu. Ni kuondoka na jina ambalo watoto wangemwimbia njiani mpaka Majimbo, alikokuwa akiishi.

Jumanne asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kiti changu.

"Diploma, kaa hapo."

Nikakaa kwenye kiti chake. Akainama chini ya meza na kutoa sanduku la mbao. Kumbe hakuwahi kuacha kuandika kadi. Alikuwa akifanya kazi mara mbili, kwenye mashine yangu na kwenye kadi zake, kwa siri, tangu programu ilipoanza. Akatoa kadi ya ng'ombe wa Mzee Njeru. Mimba ilikuwa imeandikwa pale, kwa mwandiko wake ulionyooka kama mistari ya chai.

"Sasa niambie. Mimi niandike vizuri hapa, halafu nikose pale, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo? Akili ilitoka ikaenda wapi?"

"Labda ulibonyeza vibaya."

"Onyesha."

Nikaingiza mimba kama jaribio. Jaza, hifadhi. Ikakaa mahali pake. Nikamwangalia kwa ushindi.

"Hivyo ni wewe," akasema. "Sasa ingiza kama mimi."

Akasimama nyuma yangu akaniongoza. Jaza nusu. Simama. Kabla ya kuhifadhi, nenda skrini ya fahali uhakikishe ni fahali gani alimpandisha. Soma. Rudi skrini ya ng'ombe. Sasa hifadhi.

Nikahifadhi. Kamanda akapata mimba ya pili.

Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikaishukuru kwa kelele. Kisanduku changu kimoja cha nambari kilikuwa kimebeba saba kutoka skrini ya fahali, na skrini ya ng'ombe iliporudi mbele haikujua kwamba nambari si yake tena. Ilionyesha jina la ng'ombe, lakini mkononi ilikuwa na fahali. Mtu wa haraka kama mimi asingeliona kosa hilo hata kwa miaka kumi. Lilimpata tu mtu anayerudi kuangalia mara ya pili. Katika ofisi nzima, mtu huyo alikuwa mmoja.

"Kumbe," Mama Ireri akasema polepole, "hii mashine inaadhibu mtu akiwa mwangalifu."

Nikamwambia asijali, nitarekebisha siku hiyohiyo, na ifikapo Ijumaa programu itakuwa safi.

"Utarekebisha kimya?"

"Haraka sana."

"Sikusema haraka. Nimesema kimya. Ukirekebisha kimya, Ijumaa mashine itakuwa nzuri na mimi nitakuwa bado mjinga. Watasema huyu mama alikosea, sasa amejifunza. Ama watasema aende tu."

Nikageukia kibodi. Nilikuwa mtu wa pekee katika wilaya mbili mwenye diploma ya aina ile, na nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wote. Niliona ni rahisi zaidi kuzungumza na kompyuta.

Nikagawa kisanduku kile kuwa vinne. Tatizo likahama. Sasa tarehe iliyoandikwa kwenye skrini moja ilijitokeza kwenye nyingine. Nikaziba hapo. Kisha nikagundua kwamba ukibonyeza Enter, skrini zote nne zinasikia, hata zile tatu zilizojificha, maana msikilizaji wa kibodi, yaani kipande cha programu kinachongoja mtu abonyeze, nilimfanya awe mmoja kwa skrini zote. Shikeni hili, vijana: skrini iliyofichwa haijaenda nyumbani. Iko palepale nyuma, ina kila ulichoiachia, na kama hukuipa mipaka itajibu ikisikia mtu anaongea. Kila nilipoziba tundu moja, lingine likavuja. Stima ikapotea mara mbili. Jumatano saa nne ya asubuhi nilivua tai.

Mama Ireri alikuwa amechemsha viazi vilivyotoka kwetu Kibirichia, zawadi niliyoleta nikiwa bado na majivuno. Akaweka sahani katikati.

"Shida ni gani hasa? Niambie kama unamwambia mtu wa kawaida."

Nikamwambia skrini nne zinaishi pamoja katika faili moja, na kila moja inagusa vitu vya mwenzake.

Akacheka mpaka akashika meza. "Wewe Mmeru, umeweka wake wanne jiko moja!"

Akanieleza habari za kwao, huko chini Mbeere. Baba yake alikuwa na wake watatu, na mama yake alikuwa wa tatu. Kila mke alikuwa na nyumba yake, jiko lake, na ghala lake la nafaka. Mtoto wa nyumba hii hakuingia ghala la nyumba ile. "Hata kama chumvi unaiona iko pale mlangoni. Unasimama nje, unaita, unaomba. Yeye mwenyewe ndiye anaingia na kukutolea. Ukijichukulia mwenyewe, hiyo ni vita ya mwezi mzima."

"Na baba yako? Ghala lake lilikuwa wapi?"

"Baba hakuwa na ghala. Baba kazi yake ilikuwa moja, kujua leo yuko nyumba gani." Akamenya kiazi. "Na hata hiyo wakati mwingine ilimshinda."

Niliacha kutafuna. Nimefundishwa na watu wenye digrii tatu, katika majengo yenye lifti, lakini sikuwahi kuelezwa kazi yangu vizuri hivyo. Nikafuta faili lile la mistari elfu tatu. Sawa, nililiweka kwanza kwenye disketi, mimi si mwendawazimu. Nikaanza upya. Kila skrini nikaipa klasi yake, yaani fungu lake la maagizo linalokaa pamoja na vitu vyake, na vitu hivyo nikavifungia ndani. Skrini ya ng'ombe ikitaka kujua habari za fahali, inasimama mlangoni na kuomba, na skrini ya fahali inatoa jibu, haitoi ufunguo. Kila klasi nikaiita Nyumba: NyumbaMfugaji, NyumbaNgombe, NyumbaFahali, NyumbaUpandishaji. Halafu nikaandika klasi ya tano, fupi, isiyohifadhi kitu chochote isipokuwa kujua ni skrini gani iko mbele. Hiyo nikaiita Baba. Walionifuata kazini wameiona klasi hiyo na wameshangaa miaka yote. Sasa mmejua.

Alhamisi mchana Mama Ireri alikwenda na kurudi kati ya skrini mara mia, akaacha kazi nusu, akachungulia kwa fahali, akarudi. Kamanda alibaki dume.

Ijumaa kamati ikakaa. Mzee Njeru alikuwepo, na gambuti zake. Mama Ireri alikaa karibu na mlango, amevaa nguo ya kanisani, mkoba kwenye magoti kama mtu aliyekuja kuaga. Hakunitazama. Hakuwa ameniomba tena tangu Jumanne.

Nilikuwa nimeandaa maelezo, na nakiri yalikuwa mazuri. Nikasimama nikasema, "Mwenyekiti, tumechunguza. Tumegundua kwamba wakati wa kuhama kutoka skrini moja kwenda nyingine, nambari ilibadilika."

Mwalimu Nyaga akashusha miwani. "Ilibadilika?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ilibadilika."

"Maziwa hubadilika yakikaa. Hali ya hewa hubadilika. Hii nambari, ilibadilika au ilibadilishwa?"

Nimekaa mbele ya watahini wengi maishani. Hakuna aliyewahi kunibana kwa silabi moja.

"Ilibadilishwa," nikasema.

"Na nani?"

Nilimwona Mama Ireri amekaza mikono kwenye mkoba. Niliiona pia diploma yangu, ambayo nilikuwa nimeitundika ukutani mwa ofisi ya chama kwa misumari yangu mwenyewe.

"Na mimi," nikasema. "Mama Ireri aliingiza sawa. Programu niliyoiandika mimi ndiyo iliyompa fahali mimba ya ng'ombe wa Mzee Njeru. Na Jumatatu nilisema mashine haikosei. Hilo pia lilikuwa kosa, na pia lilikuwa langu."

"Sasa sentensi imekamilika," Mwalimu Nyaga akasema, akaandika.

Nikawaeleza nilivyoipanga upya, kwamba sasa kila skrini ina klasi yake. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza kama chama kitajenga madarasa hayo hapa Embu au huko Meru, na walimu watatoka wapi. Wakacheka wote, na safari hii hata mimi. Mzee Njeru peke yake alisubiri kicheko kiishe.

"Mimi sina shida na huyu mama," akasema. "Lakini wewe utakuja Manyatta uiambie ng'ombe."

Nilidhani ni mzaha. Jumamosi nilikwenda, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, viatu vya Uingereza vikabaki kwenye tope karibu na mto. Nikasimama mbele ya zizi, Mzee Njeru kando yangu na mikono nyuma. Nikamwambia ng'ombe pole. Alinitazama, akatafuna, akanigeuzia mkia. Mzee Njeru akasema imetosha, akanipa chai.

Mama Ireri alibaki kazini miaka yake mitatu, na mingine miwili kwa kuombwa. Sikutoa programu yoyote kabla yeye hajaipitia kwa mtindo wake, nusu nusu, akirudi nyuma kila mara, akinuna. Nimefanya kazi na wajaribu programu wengi baadaye, wenye vyeti vya kazi hiyo. Hakuna aliyenitisha kama yeye alipokuwa akisema, "Ngoja kwanza."

Mwezi uliopita waliniandalia chakula cha kuniaga. Walimleta Mama Ireri kutoka Majimbo, sasa anatembea kwa mkongojo, na wakampa nafasi ya kusema neno. Nilijiweka sawa kwenye kiti, maana wasemaji waliotangulia walikuwa wamenisifu kwa kiasi tu.

"Huyu alipewa mashine," akasema, "akampa fahali mimba." Akasubiri watu wamalize kucheka. "Halafu akasema ni yeye."

Akaketi. Chakula kikaletwa. Kikopo cha chumvi kilikuwa mbele ya mwenzake aliyeketi kando yake, karibu kabisa, angeweza kukifikia bila kuinuka. Hakunyoosha mkono. Alimgeukia, akaomba.